Chenga Hakutaka Kumwona Mtu Akiinama

Usiiname. Hilo ndilo la kwanza, na kama hamna muda wa kumsikiliza mzee, chukueni hilo mwende nalo. Nawaona siku hizi vijana mnachukua mbwa waliookolewa mnakaa nao nyumbani mpaka wapatiwe wenyewe. Jambo zuri, sikatai. Ila nikiwatazama mnavyowaanza, nashika kichwa. Kijana anaingia, anachuchumaa, ananyoosha mkono, anaita kwa sauti laini, "Njoo, njoo mtoto." Mbwa huyoo, uvunguni! Kijana anabaki kujiuliza amekosea nini, maana alisoma kwenye simu kwamba mbwa mwoga mchuchumalie, uwe mfupi. Aliyeandika hayo hakukulia Ilala. Mbwa wa kwetu, tangu anafumbua macho, analijua jambo moja kuhusu binadamu: akiinama, anaokota jiwe.

Mimi nimeshika mbwa miaka thelathini na nne, na hilo nimelijua baada ya kustaafu. Ndiyo, chekeni tu.

Nilikuwa mtunza mbwa kwenye kampuni ya ulinzi. Banda letu lilikuwa Ilala, nyuma ya mafundi wa kuchomelea. Jioni tunapakia mbwa kwenye pikapu, tunawashusha kwenye maghala ya Kariakoo, asubuhi tunawarudisha. Enzi hizo mbwa alifundishwa kwa fimbo na njaa, na sifa ya mtunza mbwa ilikuwa kuwa na mbwa wa mtu mmoja. Yaani hali kwa mwingine, hasikii mwingine, hata bosi akipita anaonyeshwa meno. Mimi nilikuwa fundi wa hilo. Nilivimba kichwa, wallahi.

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Tarimo, Mchaga mmoja mpole, mtu wa maneno machache. Kila kitu alikijibu kwa swali, mpaka unatamani akutukane tu yaishe. Nilikuwa na mbwa anaitwa Simba, jibwa kubwa, nililifundisha miezi mitatu kwa fimbo. Nikalipeleka kwenye ghala moja la mchele, nikajisifu kwamba hapo hata nzi hapiti. Makuli wa lile ghala walilimaliza kwa siku nne. Asubuhi walikuwa wanakunywa supu, wanalirushia mifupa, basi. Siku ya tano mwenye ghala anafika, anakuta Simba wangu kalala chali, miguu juu, kuli mmoja anamkuna tumbo huku anaongea na simu. Nikaitwa. Niliona aibu mpaka nikasahau kusalimia.

Mzee Tarimo akanitazama. "Salumu, wewe ulimfundisha nini huyu?"

"Kuogopa watu, mzee."

"Na makuli wamemfundisha nini?"

"Kula mifupa."

Akacheka puani, akaondoka. Nilidhani ananicheka kwa sababu ya mifupa. Nilikuja kumwelewa nikiwa na mvi, yeye hayupo tena wa kumwambia.

Sasa Chenga. Aliletwa kwangu masika, siku ya tatu baada ya maji kujaa Jangwani. Aliyemleta ni Dada Neema, daktari wa mifugo, ambaye zamani alikuwa akija kuchanja mbwa wetu wa kampuni. Siku hizi ana kituo kidogo cha mbwa wasio na wenyewe. Alikuta mbwa jike, rangi ya mchanga, amekwama juu ya paa la kibanda, maji pande zote. Watu walikuwa wanamtupia mawe ili aruke, aogelee. Nia njema kabisa, lakini mawe ni yaleyale.

"Shikamoo babu," Neema akaniambia, tundu liko mkononi. "Huyu ameshachanjwa, hana ugonjwa. Tatizo haguswi. Nikimsogelea anajikojolea. Kule kwangu kumejaa, na kelele za wenzake zinamzidishia."

"Marahaba. Niachie, nitamnyoosha wiki mbili."

"Si kumnyoosha, babu." Akaweka tundu chini. "Nakupa miezi mitatu. Mbwa asiyeguswa sina nyumba ya kumpeleka, na kukaa anateseka hivi mpaka afe nako si haki. Ikishindikana nitampiga sindano ya mwisho mimi mwenyewe. Nakwambia mapema usije ukanichukia."

Nikasema sawa. Nilidhani anatia chumvi.

Nyumba yangu ni hizi nyumba za Kiswahili, vyumba sita na uani, wapangaji wawili, mimi na mke wangu Mama Rukia. Ng'ambo ya ua kuna jiko la zamani ambalo halipikiwi, nikamweka humo, mlangoni nikaweka ubao wa kufika gotini. Tulipofungua tundu, alitoka akapita katikati yetu, huku, kule, chini ya miguu ya Neema, hakugusa mtu hata unyoya, akajitumbukiza nyuma ya mafiga. Mpangaji wangu, shabiki wa mpira, akapiga makofi: "Chenga hiyo!" Jina likabaki.

Wiki ya kwanza nilifanya yote niliyoyajua, kasoro fimbo. Asubuhi nakwenda Feri kutafuta vichwa vya samaki, nachemsha na unga wa dona, uani kunanuka mpaka wapangaji wanafunga madirisha. Napeleka sufuria, nainama, naliweka chini. Kabla halijagusa sakafu Chenga ameshabamiza kichwa ukutani kwa kukimbia, na kojo juu. Anakula nikishaondoka, usiku, peke yake. Nikabadilisha sufuria. Nikabadilisha nguo. Nikaacha kuvaa kofia. Nikachuchumaa mlangoni nikimbembeleza, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Wiki ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Nilimchukia kidogo, nisiwafiche. Mtu umeshika mbwa wa kung'ata watu, unashindwa na kijibwa cha kilo kumi na mbili!

Mama Rukia alikuwa anaangalia yote hayo kutoka barazani kwake. Yeye na mbwa mbalimbali. Sisi Waislamu wa pwani mate ya mbwa ni najisi, na miaka yote ya kazi yangu nilikuwa na koti la mbwa, kandambili za mbwa, na bombani kopo la udongo safi wa kuoshea, mara saba, moja kwa udongo. Siku moja ya wiki hiyo ya tatu, kabla ya adhuhuri, aliniambia tu, "Baba Rukia, mbona ukisimama anatulia, ukiinama ndiyo anakufa?"

Nikamwambia aniachie kazi yangu. Nikaenda chumbani kuswali adhuhuri.

Chumba changu kinatazamana na lile jiko, na kwa joto la mji huu mlango huwa wazi. Nikaswali. Nilipoinama kwenye rukuu nikasikia kishindo ng'ambo ya ua, sufuria limepigwa teke. Nikasimama, kimya. Nikasujudu, kishindo tena. Astaghfirullah, sala yenyewe iliniponyoka, maana akili ilikuwa inahesabu. Rakaa nne, vishindo mfululizo. Mke wangu alikuwa ameliona kwa kukaa tu barazani, mimi miaka thelathini na nne nilikuwa napita juu yake.

Kumbe hata mbwa wangu wa kampuni walikuwa wananywea kila nikiokota kitu, nami nikidhani ni adabu. Ilinikaa vibaya moyoni hiyo. Niliwakumbuka mmojammoja kwa majina.

Basi nikabadilisha. Chakula nikawa naweka juu ya stuli nje ya ubao, kimo cha kiuno, ale kwa kusimama na miguu ya nyuma, nikisimama wima kama askari, kisha nakaa kwenye kigoda nimempa mgongo, nasikiliza redio. Akishamaliza kula ndiyo naondoka. Kukaa kwenyewe nakaa kabla hajatoka, nisiwe nashuka mbele ya macho yake. Kila siku stuli inakuwa fupi kidogo: stuli, debe, tofali mbili, tofali moja. Msimtazame usoni. Msinyamaze kabisa pia, mtu anayenyamaza mbwa anamhesabu ni mwindaji. Mimi nilikuwa namsomea matangazo ya vifo ya gazeti la juzi, maana sauti ya kusomea vifo ni ya taratibu.

Na sala ziliendelea, mara tano, mlango wazi. Sikumswalia mbwa, msije mkanipeleka kwa masheikh. Mimi naswali kwa ajili ya Mola wangu, yeye yuko ng'ambo ya ua, nyuma ya ubao wake. Ila alikuwa anaona mtu anainama, anainuka, mikono mitupu. Anainama tena, anaweka paji chini, anainuka, mikono mitupu. Vishindo vikapungua. Siku moja ya wiki ya tano, sala ya alasiri, nikatoa salamu, nikageuza uso kulia, nikamwona. Amesimama mlangoni pa jiko, kidevu juu ya ubao, ananiangalia. Hakukimbia. Nikageuza uso kushoto nikamaliza, lakini machozi yalikuwa yananitoka, na sijui Mungu aliyaandika kwenye fungu gani.

Kutoka hapo mambo yakaenda. Wiki ya saba alichukua kichwa cha samaki mkononi mwangu. Kamba niliiacha imelala karibu na sufuria siku nane bila kuigusa, aizoee, ndipo nikamvisha mkanda wa shingo. Wiki ya tisa anatembea nami ua mzima. Nikampigia Neema simu kwa mbwembwe zote: "Njoo umchukue mbwa wako, mwanangu. Kazi imekwisha."

Neema akaja. Akasimama tu pale kizingitini. Chenga akalowesha sakafu, kamba ikanichomoka, yuko nyuma ya mafiga.

Neema hakunicheka. Ingekuwa afadhali angecheka. "Babu," akasema, "umemfundisha akupende wewe. Mimi namtafutia nyumba. Hapa hawezi kubaki, mpangaji wako ana mtoto anatambaa, ameshaniuliza mara mbili huyu mbwa anaondoka lini. Zimebaki wiki tatu."

Alipoondoka nikakaa kwenye kigoda. Mbwa wa mtu mmoja, tena! Kosa lilelile la ujanani, safari hii kwa vichwa vya samaki badala ya fimbo. Na wa kulipia hilo kosa si mimi, ni yeye. Nilijiona mjinga, na nilipata hofu ya kweli, maana sindano ile sikuwa naiona tena kama kutia chumvi.

Nikamwendea Mama Rukia. "Nisaidie. Kaa naye."

"Mimi? Hapana."

"Kumgusa huna haja. Kaa tu uani."

"Nimesema hapana, Baba Rukia."

"Koti langu umefua miaka yote hukulalamika, leo umeanza unajisi?"

Akaweka ungo chini. "Si najisi. Udongo upo, maji yapo. Nawaogopa." Akanitazama kama mtu aliyebanwa. "Niliumwa nikiwa na miaka saba, hapa pajani. Kila jioni ukienda kazini nilikuwa nakaa nikingoja uletwe una jeraha. Hukuwahi kuuliza."

Jamani. Nimeishi na mtu, nimezaa naye, namfahamu mpaka anavyokohoa, na hilo silijui! Nikamwomba radhi, nikasema basi, yaishe, mbwa nitajua mwenyewe.

Kesho yake baada ya adhuhuri nikamwona anatoka na mbuzi ya kukunia nazi. Akaiweka katikati ya ua, mbali na jiko, akaketi, akaanza kukuna. Hakuniangalia. "Na mimi nitaogopa hapahapa," akasema. "Tuone nani atachoka."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, waoga wawili kwenye ua mmoja. Yeye anakuna nazi, Chenga anachungulia. Akishakamua tui, machicha anayatupa mbele, mbali na yeye mwenyewe. Na anamsema! "Njoo ule basi, malkia. Kwetu watu wanahangaika na nazi, wewe unaletewa. Usinikodolee macho, mimi si mume wangu." Sauti yake ni ya ukali siku zote, hata akibembeleza mjukuu, na mbwa aliielewa. Siku ya nne Chenga alitoka akala machicha. Siku ya kumi alijilaza hatua tatu kutoka pale mbuzi ilipo. Mama Rukia akainama kuokota kifuu, mbwa akainua sikio moja, akalilaza. Hakumgusa hata siku moja, na wala sikumwambia amguse. Mtu kutomgusa mbwa na kutomdhuru, hilo nalo mbwa analihesabu.

Hapo ndipo Neema alipomleta Mama Shirima, aliyekuwa anatafuta mbwa wa kukaa naye. Ni mama wa Kilimanjaro, anauza vitenge kwa jumla Kariakoo, anaishi nyumba ya zamani nyuma ya duka, ua una geti, maghorofa yamembana pande tatu. Mumewe amefariki, watoto wako mbali. Mama mwema, ila mkono wake na simu havitengani.

"Mama Shirima, zima simu," nikamwambia.

"Mzee, wateja wa Tunduma wako njiani!"

"Tunduma mbali. Zima. Kaa hapo karibu na Mama Rukia, usimwite mbwa, usimtazame."

"Sasa nimekuja kufanya nini?"

"Kukaa."

Alikuja mara nne, tunakaa watatu kama tunangoja maiti. Mara ya kwanza Chenga hakutoka. Ya pili alitoa pua. Ya tatu alikula machicha yaliyotupwa na mkono wa Mama Shirima, na mama wa watu akalia, akapenga kamasi kwenye kitenge kipya. Ya nne ilikuwa siku tatu kabla ya muda kwisha, Neema yupo. Mama Shirima amejisahau, simu ikalia kwenye mkoba, akaivuta haraka, ikamponyoka ikaangukia kwenye saruji. Naye bila kufikiri akainama, paaa, akaikamata.

Chenga alirudi nyuma hatua mbili, mkia chini, mwili mzima umekaza. Akautazama ule mkono. Mkono ukainuka na simu yenye kioo kilichopasuka, basi. Akasimama vile kitambo. Kisha akarudi kwenye machicha yake.

"Babu," Neema akasema polepole, "nadhani huyu ana kwake."

Nilimfunga kamba mwenyewe, nikamkabidhi Mama Shirima mkononi. Nikamwambia: mpe kona yenye paa juu, chini ya meza au ngazi, usimtoe humo, atoke mwenyewe. Asiletewe wageni. Chakula weka ukiwa umesimama wiki ya kwanza. Nilipofika hapo Mama Rukia akamalizia yeye, "Na machicha."

Nilikaa wiki sita bila kwenda. Hili nalo lishikeni: ukishamkabidhi mbwa, usiende kumchungulia kesho yake. Unamvuruga, unajivuruga. Nilikuwa napita Kariakoo kwa shughuli nyingine, nafika kona ya mtaa ule, nageuka. Siku Neema aliponiruhusu, nilinyoa ndevu.

Nilifika getini mchana. Sijabisha hodi, nimesogea tu kuchungulia tundu la kufuli, geti likatikiswa kwa ndani na sauti kali ikanipasukia usoni. Nilirudi nyuma nikamkanyaga mtu wa mkokoteni. Bwana wee! Miezi mitatu nyumbani kwangu Chenga hakuwahi kubweka, hata mara moja. Nilikuwa siijui sauti yake. Mbwa mwenye hofu habweki, anajificha asijulikane kama yupo. Anayebweka ni yule anayejua pale ni kwake.

"Wewe Chenga! Nyamaza!" Mama Shirima anapiga kelele kutoka ndani. "Nani huyo?"

"Ni mimi, Salumu."

"Yesu wangu! Babu, nisamehe, anakubwekea wewe! Ngoja nimfunge, nakuja kufungua."

"Usimfunge," nikamwambia. "Usifungue kwanza. Mwache."

Nikasimama pale nje, mikono nyuma, watu wa mzigo wananipita huku na huku, nikimsikiliza mbwa wangu akinifukuza.